Chambo, geresha, kiinimacho, chenga: lipi linakaa wapi kwenye igizo la korosho?

Mwandishi_Newala aliuliza:

Wakuu, kwema?

Linaandaliwa igizo la dakika 20 la kuchezwa mbele ya wanachama wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa mazao) kabla minada ya korosho haijafunguliwa. Kila mbinu ya kumpiga mkulima ikitokea jukwaani, msimulizi anatakiwa aitaje jina papo hapo, kwa neno moja au mawili. Rasimu ya kwanza imejaa "udanganyifu" mwanzo mpaka mwisho, na halisaidii. Mkulima atarudi nyumbani anajua kuna kudanganywa, ila hajui kunapitia mlango upi.

Matukio yako sita:

1. Gunia liko juu ya mzani. Karani anamwita mkulima mezani asaini daftari. Akiinama kuandika, mwenzake karani anasoma uzito na gunia linashushwa.
2. Mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua korosho kinyemela nje ya chama, anaingia kijijini msimu haujaanza. Mafungu ya kwanza anayanunua kwa bei nzuri. Watu wakishajaa, bei inashuka.
3. Usiku, gari tupu linapita barabara kuu kwa mbwembwe ili mgambo walifukuzie. Mzigo wenyewe unapita njia za mashambani.
4. Mkutano mkuu. Mwanachama anauliza kwa nini makato ya kilo yameongezeka, mwenyekiti anaanza kueleza mgawo wa salfa, dawa ya mikorosho.
5. Taarifa ya mapato na matumizi inasomwa mbio mbio, kilo na shilingi zimevurugwa humo humo, ukumbi mzima umetoa macho tu.
6. Malipo. Karani anasema nenda benki, benki wanasema nenda chama kikuu, chama kikuu wanasema rudi kwa karani.

Naomba neno la kila tukio na vitenzi vyake. Igizo litapita Newala, Tandahimba na Masasi, kwa hiyo neno la mtaani ruksa, mradi mzee wa miaka 70 alielewe.

---

Mhariri_Shangani alijibu:

Acha maneno kwanza, mwangalie anayefanyiwa: anapelekwa wapi? Ukishajua hilo, maneno yanajipanga yenyewe.

Akivutwa aje kwenye mtego, hicho ni chambo. Namba 2 haina ubishi. Mnunuzi ametega chambo, mkulima amekula chambo, amenasa. Wingi ni vyambo. "Machambo" usimpe msimulizi, yatamchekesha kila anayejua bahari. Na angalia jambo moja kwenye tukio lako: bei nzuri ya mwanzo lazima iwe ya kweli na ilipwe taslimu mbele ya watu. Ikiwa ahadi tu, hapo hakuna chambo, kuna uongo wa kawaida. Chambo huliwa kweli, ndiyo maana kinafanya kazi.

Akiondolewa aende kusikohusika, hiyo ni geresha. Namba 3: "lile gari ni geresha tu", au "gari la kuzugia". Waandishi wengi wangeliita chambo, na ndipo wanapokosea. Mgambo hawavutwi waje wanaswe, wanatolewa lindoni ili njia ibaki wazi. Ukiliita chambo, mtazamaji atakaa akisubiri mgambo wavamiwe, na hawavamiwi.

Akiwa pale pale, hasogei, lakini macho yake yanamwambia kisichokuwepo, hicho ni kiinimacho. Namba 1 naiweka hapa.

Namba 6 ni danadana. Mkulima anapigwa danadana, yeye ndiye mpira. Usichanganye na longolongo. Longolongo ni ya mtu mmoja mwenye sababu mpya kila siku: njoo kesho, mashine mbovu, mhasibu amefiwa. Danadana inahitaji miguu miwili au zaidi ya kurushiana. Ukitaka igizo liwe kali, waweke wahusika watatu mstari mmoja na mkulima apite katikati bila kusimama.

4 na 5 nawaachia wengine.

---

Mwongozaji_Masasi alijibu:

Nakubaliana na Shangani kwenye yote isipokuwa namba 1. Kile si kiinimacho. Kiinimacho kinataka macho yawe yanatazama. Mfanya mazingaombwe anakuonyesha mkono wa kulia ukipanda taratibu juu, macho yanaufuata, wa kushoto unatia sarafu mfukoni. Umetazama, na umeona kisicho. Mkulima wa namba 1 hatazami kabisa, ameinama kwenye daftari. Huyo amezugwa.

Kama unataka kiinimacho cha kweli kwenye mzani, kipo, na kinafaa kuwa tukio la pekee. Mzani wa kidijitali haukuanzia sifuri. Kioo kinasoma -2 kabla ya mzigo, hakuna aliyekiangalia, gunia la kilo 80 linapandishwa, kioo kinasoma 78. Mkulima ameiona 78 kwa macho yake mawili, atawaapia na wenzake. Njia nyingine ni gunia kuegemea nguzo au ukuta, sehemu ya uzito inabebwa na nguzo na kioo kinasoma pungufu. Hiyo mara nyingine si hila ya mtu, ni uzembe wa kupanga mizani kwenye kona ya ghala, lakini kilo zinapotea vile vile.

Kwa hiyo gawa namba 1 iwe mbili: 1a kuzugwa (daftari), 1b kiinimacho (sifuri).

Sasa jukwaani. Kosa la kawaida kwenye maigizo ya namna hii ni kuweka mzani nyuma ya mkulima, huku mkulima akiwapa watazamaji uso. Mwigizaji anakuwa ameuziba mzani kwa mwili wake, na watazamaji wanazugwa pamoja naye. Wanacheka wasipotakiwa kucheka. Weka mzani mbele kabisa upande wa kulia wa watazamaji, meza ya karani kushoto, hatua nne au tano kati yao. Uzito uandikwe kwa chaki kwenye ubao mkubwa kuliko kioo chenyewe, tarakimu za kiganja kizima, vinginevyo safu ya nyuma chini ya mkorosho haitaona kitu.

Mpangilio wa 1a uwe hivi: gunia linapanda, ubao unaandikwa 82. Kimya kidogo watu waisome. Ndipo karani aite "Njoo usaini hapa, foleni ndefu!" Mkulima anageuka. Msoma mizani anatamka "themanini" kwa sauti ya kawaida kabisa, asinong'one. Wengi humfanya anong'one ili aonekane mwizi, wakati mbinu yenyewe inategemea atamke kama kawaida. Gunia linashuka kabla mkulima hajanyanyua kichwa. Msimulizi: "Kazugwa huyo!"

Ukitaka kuonyesha dawa yake, mwanachama anayefuata afanye hivi bila kuhubiri: anasimama kwenye kioo mpaka kisome 0, anapandisha gunia, anahakikisha haligusi ukuta wala goti la mtu, anasubiri tarakimu zitulie, anasoma kwa sauti, anaandika kwenye karatasi yake, ndipo anaenda kusaini. Uzito wa gunia tupu unatolewa mara moja tu. Ukitolewa mezani na ukatolewa tena ghalani, hiyo ni mbinu ya saba hujaiorodhesha.

---

Mhariri_Shangani alijibu:

Hoja ya macho kutazama naikubali, gawa mbili.

---

Fundi_Mpingo_Mikindani alijibu:

Niongeze mpaka mmoja ambao igizo lisiuvuke. Bandia si geresha. Nawaona watu mtandaoni wanatupia kanyaboya, magumashi, feki na kiinimacho kwenye kapu moja. Kitu bandia ni kitu chenyewe kilivyo. Geresha ni kitendo anachofanyiwa mtu.

Mfano wa kwenye vinyago. Kinyago cha mti mwepesi kilichopakwa dawa nyeusi ya viatu ni bandia, hata kikikaa rafuni peke yake miaka kumi. Kukitambua si kazi: mpingo ni mzito, ukiutia kwenye ndoo ya maji unazama, mti mwepesi unaelea. Kwangua kidogo chini ya kitako kwa ncha ya kisu, ndani panatakiwa pawe weusi au kahawia iliyokolea. Ila kwangua katikati ya kitako, usikwangue pembeni, kwa sababu mpingo halisi nao una tabaka la nje lenye weupe wa manjano, na mafundi wengine huliacha makusudi kwa urembo. Ukikwangua hapo utamwita mtu tapeli bure. Na pua pia isikudanganye, hata mpingo halisi hung'arishwa kwa dawa hiyo hiyo.

Geresha inaanza pale muuzaji anapokushikisha kinyago cha mpingo kweli upime uzito wake, mnapatana bei, kisha anainama kufunga kingine kwenye gazeti. Hapo bandia imepitishwa kwa geresha, na ndiyo geresha igizo linaweza kuionyesha.

Kwenye korosho ni vile vile. Korosho za daraja la pili zikimwagwa chini ya gunia na za daraja la kwanza zikatandazwa juu, zile za juu ndizo geresha. Za chini si bandia, ni korosho halali za daraja lake. Anayepima ubora akichota juu tu ndiye aliyezugwa, ndiyo maana sampuli huchukuliwa juu, katikati na chini. Weka na hili kwenye igizo, mkuu. Wakulima wasiwe malaika watupu, watazamaji hawatawaamini.

---

Mwalimu_Ruangwa alijibu:

Namba 4 inategemea salfa imeingia kwa njia gani, kwa hiyo angalia maneno ya mwenyekiti neno kwa neno.

Akisema "makato yameongezeka kwa sababu ya salfa", na si kweli, hicho ni kisingizio. Ametoa jibu, ila la uongo. Unaweza kumshika kwa hesabu.

Akisema "kabla ya hapo ndugu wanachama, niwaeleze habari njema ya mgawo wa salfa", hakutoa jibu lolote. Amelipiga chenga swali. Hakuna uongo hata mmoja ndani yake, na ndiyo maana ni gumu kumshika: kila alichosema kuhusu salfa ni kweli, watu wanapiga makofi, na makato yamesahaulika. Hoja yenyewe ya salfa ndiyo hoja ya geresha. Kwa igizo chukua hii ya pili, ya kwanza imezoeleka.

Chenga nzuri huhitaji kitu ambacho ukumbi unakipenda kuliko swali. Mwenyekiti akianza kueleza bei ya karatasi za ofisi, watu watamrudisha kwenye makato. Salfa, mbegu bora, malipo ya nyongeza, hivyo ndivyo vinavyobeba ukumbi.

Wale wanaosoma Kiingereza wataona hoja ya geresha inaitwa kwa jina la samaki aliyekaushwa kwa moshi hadi akawa mwekundu, "red herring". Mwandishi wa habari wa Uingereza, William Cobbett, aliutumia mfano huo mwaka 1807: samaki anaburutwa ardhini ili harufu yake iwapoteze mbwa waliokuwa wakimfuata sungura. Usiutafsiri. Samaki wa moshi Lindi ni kitoweo, mtu atauliza yuko wapi na bei gani.

Nyongeza kwa makatibu wanaosoma uzi huu: msiandike "alipiga chenga" kwenye muhtasari. Hilo ni tuhuma, na mwenyekiti atalikataa kikao kijacho. Andikeni kilichotokea: "Mwanachama aliuliza sababu ya makato ya kilo kuongezeka. Mwenyekiti alieleza mgawo wa salfa. Swali la makato halikujibiwa." Sentensi ya tatu ndiyo yenye kazi. Ikiachwa, muhtasari wenyewe unakuwa umekamilisha chenga.

---

Nahodha_Msangamkuu alijibu:

Namba 5. Tazameni pweza na ngisi, maana wao wana mbinu mbili ambazo watu wa nchi kavu huzihesabu moja.

Wino hutoka kupitia mrija ulio chini ya kichwa, na hutoka umechanganyika na ute. Ute ukiwa mchache, wino unatawanyika, unakuwa wingu, maji yote meusi na aliye ndani haoni pa kushika. Ute ukiwa mwingi, wino haumwagiki ovyo. Unabaki donge linaloning'inia majini, ukubwa wake kama wa ngisi mwenyewe. Wakati huo huo ngisi anajipausha rangi na kuchomoka kinyumenyume, samaki anayemwinda analiuma donge.

Donge ni geresha, kwa maana ile ya Shangani: kuna kitu kimoja unaonyeshwa ukifukuzie. Wingu ni jambo jingine, hapo huonyeshwi kitu chochote, unaondolewa uwezo wa kuona. Taarifa yako ya kilo na shilingi ni wingu. Neno lake ni kukanganya, na hali inayobaki ukumbini ni mkanganyiko.

Usitumie "kuchanganya". Kwenye igizo lolote lingine lingefaa, kwenye korosho litakuharibia, kwa sababu kuchanganya huku ni kuchanganya madaraja. Msimulizi akisema "mhasibu amechanganya!", nusu ya watazamaji watadhani ametia daraja la pili kwenye la kwanza.

Sintofahamu nayo iache kwenye magazeti. Siku hizi ugomvi ni sintofahamu, ajali ni sintofahamu, mkate ukikosekana ni sintofahamu. Kizungumkuti ni tamu mdomoni na wazee wanaijua, ila haimtaji mkosaji. Kizungumkuti huwa kimetokea tu. Mtu amekanganywa, na mwenye kukanganya ana jina.

---

Mwongozaji_Masasi alijibu:

Sawa kabisa, na wingu ni gumu kuigiza kwa sababu watazamaji wakikanganyikiwa kweli wanaacha kufuatilia. Mpe mhasibu sekunde 20 tu za kusoma mseto: "mia nne, elfu tatu, mia mbili hamsini, jumla inaonekana ukurasa wa kumi na tisa". Kisha mwanachama mmoja achukue chaki, achore safu nne ubaoni: kilo, bei ya mnada, makato kwa kilo, anachopata mkulima. Hesabu iwe ya kubuni na itamkwe hivyo: kilo 400, bei 3,000, makato 250. Kila kilo inabaki 2,750, mara 400 ni shilingi 1,100,000. Tarakimu zile zile alizosoma mhasibu, sasa ziko kwenye nafasi zake. Hapo ndipo msimulizi aseme "Tulikanganywa!" Akilisema mapema, wakati wa mseto, halitaeleweka.

Usiweke tarakimu za msimu halisi. Mjadala utahama kwenye bei ya mwaka jana na igizo litakufa.

---

Mwandishi_Newala alijibu:

Shukrani wakuu, nimezinakili zote. Yamebaki mawili. Lile changa la macho hamkuligusa, na lipo kwenye wimbo wa mwisho. Halafu upatanisho wa kisarufi: kiinimacho, mazingaombwe, geresha.

---

Mhariri_Shangani alijibu:

Changa la macho ni la mwisho kweli, liache hapo hapo. Huwezi kulitaja tukio likiwa linaendelea, kwa sababu mtu hujua amepigwa changa la macho baada ya kufumbuka. Ni neno la hukumu, na linaenea juu ya mbinu zote. Kitenzi ni kupiga na kupigwa: "tumepigwa changa la macho". "Kufanyiwa changa la macho" inasikika imechongwa. Li- yake idumishwe, changa hilo, changa lile.

Kiinimacho ki-: kiinimacho hiki, kiinimacho chao. Wengine huandika maneno mawili. Chagua namna moja na uifuate kwenye matangazo yote, hasa kama mabango yanachorwa na watu tofauti.

Mazingaombwe ni ya-: mazingaombwe haya, mazingaombwe yao. "Mazingaombwe hii" imejaa mitaani, usiiweke kinywani mwa msimulizi, mpe karani. Yeye anaweza kusema vibaya.

Geresha ni i-: geresha hii, geresha yao. Kama kuna mzee wa Tandahimba ambaye halijamfikia, msimulizi aseme mara ya kwanza "geresha, gari la kuzugia", kisha aendelee na geresha peke yake. Na kwenye wimbo geresha ikae mwisho wa mstari, ina vokali wazi, inavutika. Kiinimacho kina silabi tano. Mpiga ngoma ajue mapema.